Mhariri, orodha ya vyuo bora haitoshi, wachapishieni vijana kozi, pesa na tarehe

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naandika kuhusu ukurasa wenu wa elimu wa wiki iliyopita, ule uliokuwa na orodha ya vyuo vikuu bora duniani na maneno ya kuwahimiza vijana wachague chuo cha ndoto zao. Mimi ni mwalimu wa sekondari, kila mwaka nakaa na wanafunzi wanaoaplai vyuo, nawasomea insha zao na kuwaandikia barua za mapendekezo, kwa hiyo ukurasa kama ule ukitoka mimi nauona darasani kesho yake asubuhi. Na kweli ulikuja, wengine wameupiga picha, mmoja ameukata na kuubandika ndani ya jalada la daftari, na swali lilikuwa lile lile kwa wote, mwalimu hapa nichague kipi.

Ndoto sina ugomvi nazo hata kidogo, mi ndo nawasukuma waaplai. Ninachotaka kusema ni kwamba orodha ile haikutengenezwa kwa ajili ya kijana wa miaka 18 anayetafuta pa kusoma, na gazeti likimpa orodha peke yake bila kumwambia kozi ikoje ndani, nani analipa na maombi yanafungwa lini, linamwacha pale pale alipokuwa, tena safari hii akiwa na presha zaidi.

Tuanze na hizo namba zenyewe. Orodha ya Shanghai ya vyuo vikuu duniani, iliyoanza kutolewa mwaka 2003, inagawa alama hivi: asilimia 10 ni wahitimu wa chuo waliopata Nobel au medali ya Fields ya hisabati, asilimia 20 ni wafanyakazi wa chuo waliopata tuzo hizo hizo, 20 nyingine ni watafiti wanaonukuliwa sana na wenzao, 20 ni makala zilizotoka kwenye majarida ya Nature na Science, 20 ni jumla ya makala za utafiti, na 10 za mwisho ni hayo yote ukigawanya kwa idadi ya wahadhiri. Jumlisheni wenyewe, imefika 100. Sasa niambieni, ufundishaji uko wapi hapo? Haumo. Hakuna alama hata moja ya mhadhiri kufundisha vizuri, ya kazi kusahihishwa kwa wakati, ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kupata mtu wa kumuuliza swali. Ni orodha nzuri kwa mtu anayetaka kujua utafiti mkubwa unafanyika wapi, na anayekwenda kufanya PhD ana sababu ya kuiangalia, ila anayeanza digrii ya kwanza anaweza kumaliza chuo na kuvaa joho bila kumuona huyo profesa wa Nobel hata kwa mbali.

Orodha nyingine maarufu, ya QS ya Uingereza, nayo asilimia 30 ya alama zake ni sifa ya chuo kwa wasomi wanaojaza dodoso, na 15 ni sifa kwa waajiri, yaani karibu nusu ni watu wanakisikiaje hicho chuo. Uwiano wa wanafunzi na walimu, ambao angalau unagusa darasa, ulikuwa na asilimia 20, kwenye orodha ya 2024 wakaushusha hadi 10. Sisemi ni wabaya, wametangaza wazi wanapima nini, sisi ndo tunachapisha matokeo bila kuchapisha kipimo.

Alafu kuna takwimu ambazo vyuo vinazipeleka vyenyewe. Mwaka 2022 profesa wa hisabati wa Columbia, Michael Thaddeus, alizikagua takwimu za chuo chake mwenyewe kwenye orodha ya US News ya Marekani, akaandika hadharani kwamba kadhaa haziko sawa, ikiwemo za ukubwa wa madarasa. Baadaye chuo kikakubali kwamba baadhi kweli zilikuwa na makosa, na toleo lililofuata kikatoka nafasi ya 2 kwenda ya 18. Maktaba zilikuwa zile zile na walimu wale wale, na kijana aliyeanza masomo pale hakupoteza chochote wala kuongezewa chochote. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kikajitoa chenyewe kwenye orodha ya Times Higher Education kwa sababu kiliona alama na ushindani vinapewa uzito kupita kiasi. Habari kama hizi zingekaa pembeni ya ile orodha yenu, hata kwa maandishi madogo, zingemsaidia msomaji sana.

Kinachotakiwa kusomwa kwanza ni ukurasa wa kozi. Mwanafunzi mmoja aliniletea ETH Zürich ya Uswisi, iko juu kwenye kila orodha, na ada yake kwa jina lile ni ndogo ukilinganisha na vyuo vya Marekani. Nikamwambia fungua kozi yenyewe, achana na ukurasa wa mbele wenye picha. Tukakaa pale tukasoma mstari kwa mstari. Digrii ya kwanza pale inafundishwa kwa Kijerumani kwa sehemu kubwa, masomo ya Kiingereza yamejaa zaidi kwenye masters. Na baada ya mwaka wa kwanza kuna mtihani wa kuchuja, ukishindwa unarudia mara moja, ukishindwa tena kozi hiyo imekwisha kwako. Kijana hakuwa amesoma Kijerumani hata wiki moja. Hakukasirika, alinyamaza kidogo akasema basi hii naiweka ya masters, alafu akafungua chuo kingine na kwenda moja kwa moja kwenye masomo ya mwaka wa pili na wa tatu bila mimi kumwambia.

Au chukulia wanaotaka udaktari, ambao ni wengi mno. Anaandika Harvard kwenye karatasi na udaktari pembeni, hajui kwamba Marekani udaktari hausomwi ukitoka sekondari, unamaliza kwanza digrii ya miaka minne ndo unaomba shule ya udaktari, na shule nyingi za udaktari za kule hazichukui wasio raia au wakaazi wa kudumu. Uingereza unaingia moja kwa moja kutoka sekondari na unasoma miaka mitano au sita, ila kuna mtihani wa kuingilia udaktari uitwao UCAT ambao una tarehe zake za kujiandikisha na kufanya, zote zinapita kabla hata fomu ya chuo haijafungwa. Hisabati ya Cambridge nayo, hata matokeo yako yakiwa A tupu, bado wanakutaka ufanye karatasi za STEP, mtihani mwingine wa ziada wa hisabati. Haya mambo hayajafichwa, yameandikwa kwenye ukurasa wa kozi, lakini anayechagua kwa kuangalia namba kwenye orodha anakuja kuyaona tarehe zikiwa zimeshapita, na hapo mwalimu huna cha kumsaidia.

Na kozi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Uchumi wa chuo kimoja ni hisabati kuanzia wiki ya kwanza, wa chuo kingine unaingia kwenye historia na sera. Kompyuta sehemu moja ni nadharia na uthibitisho, sehemu nyingine ni kuandika programu na kufanya mafunzo ya vitendo kazini mwaka mzima. Mimi nawaambia wasome masomo ya lazima ya kila mwaka, waangalie somo linapimwaje, mtihani mmoja wa mwisho au kazi za mwaka mzima, waangalie wanaofundisha wanafanya utafiti gani, alafu wajiulize kama wanataka kuamkia hicho kitu Jumatatu ya mwezi wa pili wakati shangwe za kufika zimeisha.

Sasa kuna jambo linaniuma, nalo ni hii aibu ya kukataliwa. Harvard inachukua kama waombaji 4 katika kila 100, na wengi wa hao 96 wana matokeo ya kuweza kusoma pale bila shida. Yaani kukataliwa ndo hali ya kawaida ya waombaji wazuri. Lakini tukishamwimbia mtoto kwamba hiki ndo chuo cha ndoto zako, jibu la hapana analipokea kama hukumu ya akili yake, na wapo wazazi wanaoacha kuongelea masomo mezani mwezi mzima kana kwamba kuna msiba. Mwaka 2002 wachumi wawili, Stacy Dale na Alan Krueger, walitoa utafiti wa wanafunzi wa Marekani wenye uwezo unaolingana, waliokubaliwa na vyuo vya aina moja, wengine wakaenda kwenye kile kigumu zaidi kuingia na wengine wakaamua kwenda kisicho kigumu sana. Miaka ilivyopita mapato yao kwa wastani hayakutofautiana kwa maana kubwa. Waliofaidika wazi na chuo kigumu ni wale waliotoka familia zenye kipato cha chini. Mi nausoma utafiti ule kwa namna mbili: mtoto mwenye bidii hataharibikiwa kwa sababu jina moja limemkataa, na mtoto wa familia isiyo na uwezo ndo hasa tunatakiwa kumhangaikia apate nafasi hizo. Kwa hiyo tuongelee pesa.

Marekani kuna vyuo vichache sana ambavyo vikichuja maombi ya mwanafunzi kutoka nje ya nchi haviangalii kama familia ina hela au haina, na ukishakubaliwa vinajaza pengo lote kati ya uwezo wa nyumbani na gharama. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin vimo. Angalieni hayo majina mawili, Amherst na Bowdoin. Hayamo kwenye orodha yenu na hayawezi kuwemo, kwa sababu ni vyuo vidogo vinavyofundisha digrii ya kwanza, havina lundo la makala za utafiti, na ndo maana wanafunzi wangu hawajawahi kuyasikia wakati yangeweza kuwasomesha bila familia kuuza chochote. Kwenye vyuo vingine vingi, hata vyenye jina kubwa, mwanafunzi wa nje akiomba msaada wa fedha ombi hilo linaweza kumpunguzia nafasi ya kuchukuliwa. Na kuna ile njia ya kuomba mapema inayofungwa mara nyingi tarehe 1 Novemba, ambayo ukikubaliwa umejifunga kwenda na unaondoa maombi yako kwingine kote. Hapo huna tena nafasi ya kulinganisha msaada wa chuo hiki na kile. Asiye na hakika ya pesa afikirie mara mbili kabla ya kusaini.

Ulaya nako habari za zamani bado zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba kusoma kule ni bure. Sweden ilianza kuwatoza ada wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2011, Finland 2017, Norway 2023. Ujerumani vyuo vingi vya serikali bado havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kimeanza kutoza nacho mwaka 2024. Na hata pale ambapo ada hakuna, viza inataka uonyeshe una hela ya kujikimu mwaka mzima, wengi wanaiweka kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, na kuanzia Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904. Mtu anakubaliwa, anashangilia, ukoo mzima unapigiwa simu, afu ndo anakutana na hiyo namba. Hiyo namba ingekuwa ya kwanza kuandikwa kwenye daftari, kabla ya jina la chuo.

Skolashipu nazo zisomwe vizuri. Chevening ya Uingereza inalipia masters, na inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambao ni kama miaka miwili, kwa hiyo kijana anayemaliza sekondari akiambiwa aaplai Chevening anapotezewa muda. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya nayo ni masters, unasoma nchi mbili au zaidi. Ni nafasi nzuri sana, ila kila moja na ngazi yake ya masomo.

Na mawakala. Siwasemi wote, wapo wanaosaidia watu kweli. Ila vyuo vingi vya Uingereza, Australia na Kanada vinamlipa wakala kamisheni kwa kila mwanafunzi anayemfikisha, kwa hiyo akikwambia chuo hiki ndo kinakufaa muulize kabisa analipwa na nani, na kwa nini hajakutajia kile kingine kisicho kwenye mkoba wake. Fomu hizi kijana anaweza kuzijaza mwenyewe. Na akaunti ya maombi aifungue kwa imeli yake mwenyewe na nywila akae nayo yeye. Nimeona mwanafunzi anashindwa kusoma jibu lake kwa sababu akaunti nzima iko kwa mtu mwingine na simu haipokelewi.

Kuhusu insha nina mengi ila nitasema machache. Uingereza unaomba kupitia UCAS, mfumo mmoja wa maombi ya vyuo vya kule, unachagua hadi kozi tano, Oxford na Cambridge huwezi kuziweka zote mwaka mmoja, na maelezo unayoandika yanakwenda kwa vyuo vyote vitano yakiwa yale yale. Kwa hiyo ukianza kusifia chuo kimoja kwa jina umewaudhi wanne. Pia wamebadilisha mtindo, kwa wanaoanza masomo 2026 ile insha moja ndefu imegawanywa kuwa maswali matatu, kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na umejiandaaje nje ya darasa, jumla ni herufi 4,000 ukihesabu na nafasi. Wanachotaka kusikia ni kozi. Marekani ni kinyume kidogo, insha ya Common App, fomu moja inayopokelewa na vyuo vingi vya kule, ni maneno 250 hadi 650 na wanataka kukujua wewe ni mtu gani. Kuchukua insha ya huku ukaipeleka kule ni kosa ninaloliona kila msimu.

Kuna binti mmoja alikuja na insha inaanza na tangu nikiwa mdogo nimekuwa na shauku kubwa ya kusoma mazingira. Nikamuuliza unafanya nini kuhusu mazingira. Akasema hamna, napima mvua tu. Kumbe alikuwa amekata chupa ya plastiki, amebandika rula pembeni, na kila asubuhi anaandika milimita kwenye daftari la mraba, kuna safu ya tarehe, safu ya kipimo na safu ya tatu aliyoiita mashaka, ambako anaandika kama upepo uliiangusha chupa au kuna mtu aliihamisha. Hiyo safu ya mashaka ndo iliyonifanya niseme futa yote ya juu, anzia hapa. Akaifuta palepale kwa kalamu, akaandika upya kuhusu siku ambayo kipimo chake kilipishana na cha kituo cha hali ya hewa na alivyotafuta kosa liko wapi. Alafu tukatafuta kozi ambazo mwaka wa tatu zina kazi za nje na uchambuzi wa data, na chuo alichokiweka namba moja hakimo kwenye ukurasa wenu, na amekiweka kwa sababu anayoweza kuieleza mwenyewe mbele ya mtu yeyote.

Barua za mapendekezo jamani zisiombwe siku mbili kabla. Mwalimu anahitaji wiki tatu nne, na anahitaji umkumbushe ulifanya nini darasani kwake, kwa sababu barua inayosema mwanafunzi huyu ni mtiifu na mchapakazi haimsaidii mtu yeyote. Na tarehe. Oxford, Cambridge na kozi nyingi za udaktari UCAS inafunga tarehe 15 Oktoba saa kumi na mbili jioni kwa saa za Uingereza, kila mtu ageuze kwa saa za anakoishi. Matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL yanakaa miaka miwili tu, kwa hiyo ukifanya mapema mno yanaweza kukuishia mkononi.

Ndo maana Mhariri ninaomba hivi. Ukurasa ule ule, badala ya orodha nyingine mwakani, wekeni jedwali la kozi chache ambazo vijana wanaziulizia zaidi, udaktari, sheria, uhandisi, kompyuta, ualimu, na mbele ya kila moja muandike inaingiwaje nchi kwa nchi, mtihani gani wa ziada unatakiwa, lugha gani inafundishia, mwanafunzi wa nje anaweza kulipiwa na nani, na maombi yanafungwa lini. Waandishi wenu wanajua kutafuta, na haya yote yako wazi kwenye tovuti za vyuo vyenyewe. Ila mlitoe mwezi wa sita au wa saba, msisubiri mwezi wa kumi, kwa sababu ikifika mwezi wa kumi wanaotaka udaktari Uingereza wanakuwa wameshapitwa na tarehe za UCAT. Mkihitaji mtu wa kuwasomea rasimu kabla haijaenda mitamboni mimi nipo, na wanafunzi wangu nao wapo, watawaonyesha haraka sana ni wapi hawajaelewa.

Wenu msomaji wa kila wiki,
Mwalimu wa sekondari